Excel Inahesabu, Haitunzi Ushahidi

Ukipanda ngazi za majengo ya biashara mjini Machakos mwanzoni mwa mwezi, tarehe 9 inapokaribia, utawakuta makarani wa ofisi ndogo ndogo wameinamia kompyuta, faili moja ya Excel imefunguliwa, wakitafuta ni kwa nini jumla ya mishahara hailingani na fedha zilizotoka benki. Kufikia tarehe 20 ni zamu ya VAT, na faili nyingine. Duka la jumla la Masii, agroveti ya Matuu, shule ya kibinafsi ya Kathiani, kampuni ya ujenzi yenye yadi Athi River: ukiuliza hesabu ziko wapi, utaonyeshwa faili hiyo. Msimamo wangu ni kwamba mfanyabiashara aliyeikabidhi Excel madeni yake, stoo yake na mishahara ya watu wake amejiweka mahali pa hatari, hata kama faili ni safi na karani ni mwaminifu. Excel ni chombo kizuri mno cha kupigia hesabu. Kutunza ushahidi wa nani alichukua nini, lini, na alilipa kiasi gani ni kazi nyingine kabisa, na kwa kazi hiyo haifai.

Sababu iko kwenye asili yake. Programu ya kwanza ya lahajedwali iliyoenea, VisiCalc, iliingia sokoni mwaka 1979. Dan Bricklin, aliyekuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwenzake Bob Frankston, walitaka kumwondolea meneja adha ya kufuta na kuandika upya jedwali zima kila tarakimu moja inapobadilika. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya swali la "je, ikiwa": je, saruji ikipanda kwa shilingi 50 kwa mfuko, nitabaki na faida gani? Kwa swali hilo sijaona kinachoishinda Excel. Lakini tazama ni sifa gani inayoiwezesha kulijibu. Kila kilichoandikwa kinabadilika papo hapo, kwa mkono wa yeyote aliyefungua faili, na kilichokuwapo kabla hakibaki. Hilo ni jema unapokisia mambo ya kesho. Unapoandika yaliyotendeka jana, ni balaa.

Wenye maduka wa zamani waliandika madeni kwa wino kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Kosa lilipigwa mstari na usahihi ukaandikwa chini yake, kwa hiyo hata baada ya miaka miwili ulisoma kilichoandikwa kwanza, ukaona kilichofutwa, na ukautambua mwandiko wa aliyefuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao waliijua kazi ya daftari: kukataa kusahau. Deni la shilingi 48,000 likigeuzwa 4,800 kwenye Excel na faili ikahifadhiwa, ile 48,000 imekwenda na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ilipata kuwapo. Huenda karani aliteleza kidole. Huenda mdaiwa ni shemeji yake. Faili haitakwambia ni lipi kati ya hayo.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi, la aina inayojaa kando ya barabara zote zinazotoka mjini. Karani ameandika mauzo ya mkopo ya mwezi hadi mstari wa 180: saruji, nondo, mabati ya geji 30, misumari kwa kilo, na jina la fundi au mwanakandarasi aliyechukua. Juu ya ukurasa kuna fomula inayojumlisha kuanzia mstari wa 2 hadi wa 180. Mwezi unaofuata mauzo yanafika mstari wa 214, na fomula inaendelea kuishia pale pale ilipoishia. Hakuna ujumbe unaomzuia wala alama nyekundu. Mwenye duka anatazama jumla, anaona madeni hayajapanda, anaagiza mzigo mwingine kwa mkopo kutoka kwa msambazaji. Mistari 34 ya watu wanaodaiwa iko pale pale kwenye ukurasa, inasomeka vizuri, ila haimo katika jumla.

Au siku moja mtu anataka majina yafuatane kwa alfabeti. Anachagua safu ya majina peke yake, anabofya, Excel inamuuliza kama aunganishe na safu zilizo kando, na kwa kuwa anaharakisha anakataa. Majina yanajipanga, kiasi kinabaki kilipokuwa, na deni la Mutua linakuwa la Mwende. Ukurasa unapendeza kuliko ulivyokuwa asubuhi. Nimeona jambo la aina hii likigunduliwa baada ya wiki kadhaa, wateja waliokwisha kulipa wakipigiwa simu kudaiwa, na wale wadaiwa sugu wakikaa kimya.

Malipo nayo yana shida yake. Fundi halipi deni la 23,000 kwa mara moja. Anatuma 1,500 leo kwa Lipa na M-Pesa, 800 wiki ijayo, kisha 3,000 kutoka laini ya mkewe, na jina linalokuja kwenye ujumbe si lile lililo kwenye orodha. Karani anapunguza deni moja kwa moja: anafuta 23,000, anaandika 21,500. Baada ya mwezi kinachobaki ni tarakimu moja isiyo na historia. Fundi akisema alilipa zaidi, mwenye duka hana la kumwonyesha isipokuwa kupekua taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari, jioni, wateja wakiwa wameondoka.

Mishahara ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hapo kosa lako linamwangukia mtu mwingine. Mfikirie mfanyakazi wa shilingi 40,000 kwa mwezi. Hadi Januari 2023 mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ulikuwa 200. Februari 2023 viwango vya sheria ya mwaka 2013 vilipoanza kutekelezwa, ukawa 1,080. Februari 2024 ukafika 2,160, na Februari 2025 ukawa 2,400. Katikati ya hayo, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulianza kukatwa Julai 2023, ukakwama mahakamani Januari 2024, kisha ukarudi kwa sheria mpya Machi mwaka huo. NHIF, bima ya afya iliyomkata 1,000, ikaondoka, na kuanzia Oktoba 2024 SHIF ikachukua nafasi yake kwa asilimia 2.75, yaani 1,100. Mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ikabadilika tena, makato ya SHIF na ya nyumba yakaanza kuondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kupigwa. Hati moja ya mshahara, na sijui kama kuna mfanyabiashara mdogo aliyepumua katika miaka hiyo miwili.

Sasa, viwango hivi huwa wapi katika faili ya kawaida? Vimepachikwa ndani ya fomula, mmoja mmoja, mstari kwa mstari. Karani anabadilisha ya juu na kuivuta hadi chini. Lakini mstari wa saba mtu aliwahi kuandika tarakimu kwa mkono, labda kwa kuwa mfanyakazi huyo alianza kazi katikati ya mwezi, na mstari wa kumi na mbili ulikuwa umefichwa. Seli yenye fomula na seli iliyoandikwa kwa mkono zinafanana sura, na hutajua hadi ubofye kila moja. Faili iliyosahauliwa kwenye kiwango cha 2024 inamkata mfanyakazi huyu pungufu kwa 240 kila mwezi, na mwajiri naye anachangia pungufu kwa 240. Kwa wafanyakazi 15 wa mshahara huo, mwaka mzima, ni shilingi 86,400 ambazo hazikufika, pamoja na adhabu itakayofuata. Akiba ya uzeeni ya mtu imepungua, naye hana habari.

Hili si gonjwa la maduka peke yake. Mdhibiti wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o, katika ripoti zake kuhusu kaunti amelalamika mara kwa mara juu ya mishahara inayolipwa kupitia orodha zinazotayarishwa kwa mkono nje ya mfumo rasmi wa serikali, akionya kwamba njia hiyo ni rahisi kutumiwa vibaya. Kanuni ni ile ile: orodha ambayo mtu anaweza kuongeza jina bila mwingine kuona itaongezwa jina, iwe ni ya kaunti nzima au ya kiwanda cha watu ishirini.

Kuna madhara mengine ya kimyakimya ambayo watu huyaita "kompyuta imeharibika". Andika nambari ya simu inayoanza na 07, Excel inaidondosha sifuri kwa kudhani ni idadi. Andika 4/7, na kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani tarehe 4 Julai inakuwa 7 Aprili, ankara inahamia kipindi kingine cha ushuru. Ankara za mashine za TIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, KRA, zina nambari ya udhibiti yenye tarakimu 19, na Excel haibebi zaidi ya tarakimu 15 za nambari: zinazozidi huzigeuza sifuri. Ankara mbili zilizotofautiana kwenye tarakimu za mwisho zinakuwa na nambari moja, na zote mbili si sahihi. Unapodai VAT uliyolipa kwa msambazaji, orodha yako na ya KRA hazikutani, nawe unaamini kwamba KRA wanakuonea.

Wanaonipinga huanza na karani. Huyu wangu ni hodari, husema, amesomea, hakosei. Mwaka 1987 watafiti Polly Brown na John Gould wa kampuni ya IBM waliwapa watumiaji tisa wenye uzoefu kazi ya kutengeneza lahajedwali tatu kila mmoja. Asilimia 44 ya lahajedwali hizo zilikuwa na makosa, huku watengenezaji wenyewe wakiwa na imani kubwa kwamba wamefanya sawasawa. Uhodari unapunguza makosa ya kuandika, hauwezi kukuonyesha usichokiona. Uingereza, taifa lenye wataalamu tele, iliacha visa 15,841 vya korona nje ya hesabu zake za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, kwa sababu idara ya afya ya umma ilikuwa ikipokea matokeo ya maabara kupitia faili za Excel za aina ya zamani, ambazo haziwezi kuzidi mistari 65,536. Faili zilijaa, zilizobaki zikaachwa nje, na watu waliokaribiana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Mistari 180 ya duka la vifaa vya ujenzi la Machakos na mistari 65,536 ya London ni kosa moja.

Hoja ya pili ni kali kidogo: mbona KRA yenyewe inatumia Excel? Ni kweli, marejesho ya PAYE na ya VAT kwa miaka mingi yamejazwa kwenye faili za Excel zinazopakuliwa kutoka iTax. Lakini zitazame vizuri. Zimefungwa, huwezi kugusa fomula zake. Zina kitufe cha kukagua, na hazikubali kupakiwa zikiwa na kosa wanalolitambua. Tena ukishazipakia, kumbukumbu haikai kwenye faili hiyo, inakaa kwenye iTax, yenye tarehe na nambari ya kupokelewa. KRA wanaitumia kama fomu ya kubebea taarifa. Laiti wafanyabiashara wetu wangeitumia hivyo.

Wengine wamehamia Google Sheets na kudhani wamepona. Wamepiga hatua, nakubali. Hakuna tena nakala tano zinazozunguka kwenye WhatsApp, moja imeandikwa "mwisho", nyingine "mwisho kabisa", na historia ya mabadiliko ipo. Ila sijakutana na mwenye duka anayeifungua historia hiyo kusoma, na fomula inayoishia mstari wa 180 inaishia hapo hapo hata ikiwa mtandaoni. Tena kuigawa kwa watu wengi kunafungua mlango mwingine: orodha yenye majina, nambari za vitambulisho na simu za wateja ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kiungo kilichotumwa kwenye kikundi kimemfikia kila aliyemo.

Kisha kuna gharama, na hapa naelewa uchungu wa watu. Mfumo kamili wa hesabu una ada ya kila mwezi au ya mwaka, na biashara inayohesabu faida kwa mia tano mia tano inasita. Lakini hesabu Excel kwa ukamilifu. Saa za karani za kutafuta tofauti kila mwezi, madeni yaliyosahauliwa, adhabu za makato, VAT iliyokataliwa. Pia si kila kitu kinalipiwa. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki kwa kawaida haitambuliwi katika kupiga ushuru wa mapato, na kwa ajili hiyo KRA inatoa eTIMS bila malipo. Asiyesajiliwa kwa VAT anaweza kutoa ankara hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#. GnuCash haina ada, na inafuata utaratibu wa kila shilingi kuandikwa mara mbili, inakotoka na inakoenda. Mtu anayesema hana njia kabisa hajatafuta.

Jambo ambalo halitajwi sana ni mahakama. Mdaiwa akikana, deni lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Ukitaka kutegemea rekodi ya kompyuta, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ionyeshwe kwamba kompyuta ilikuwa ikitumika mara kwa mara kwa shughuli hiyo, kwamba taarifa ziliingizwa katika mwendo wa kawaida wa kazi, na kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu kuhusu faili yako: je, tarakimu hii ingeweza kubadilishwa jana usiku? Jibu la kweli ni ndiyo. Hati ya kupokea mizigo yenye sahihi ya fundi itakufaa kuliko kurasa hamsini za Excel.

Sisemi Excel itupwe. Nasema ipewe kazi yake. Kwa biashara ya mtu mmoja, isiyokopesha, Excel iliyopangwa vizuri inatosha, na kuipanga vizuri kunawezekana leo. Maingizo yakae ukurasa mmoja, hesabu ukurasa mwingine. Ingizo likishaandikwa lisifutwe: kosa lirekebishwe kwa mstari mpya wa kulipunguza, kama walivyofanya wa wino. Kila malipo yawe na mstari wake, tarehe yake, na ule msimbo wa M-Pesa wa herufi na tarakimu kumi. Viwango vya NSSF, SHIF na nyumba viwe mahali pamoja, kila kimoja na tarehe kilipoanza, fomula zote zikivisoma kutoka hapo. Nambari za simu na za ankara zipangwe kama maandishi kabla ya kuandikwa. Na kila mwisho wa mwezi, hili ndilo ningeomba lisirukwe hata kama mengine yote yatarukwa, jumla za Excel zilinganishwe na kitu kilicho nje ya Excel: taarifa ya benki, taarifa ya M-Pesa, mifuko ya saruji ikihesabiwa kwa macho stooni, na anayelinganisha asiwe yule aliyeandika.

Zikitokea dalili fulani, hama. Watu wawili wakianza kuandika kwenye faili moja. Mauzo ya mkopo yakiwa mengi kiasi kwamba huwezi kuwataja wadaiwa wako bila kusoma. Mauzo ya mwaka yakikaribia shilingi milioni 5, kiwango cha kusajiliwa kwa VAT. Hapo nunua mfumo, lakini usiununue kwa imani kwamba utakuletea uaminifu. Nimeona biashara zenye mfumo mzuri ambapo neno la siri la meneja limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta na watu wanne wanalitumia. Mfumo huo hauna tofauti na Excel, kwa sababu haujui nani alifanya nini. Muulize anayekuuzia maswali haya kabla ya kulipa: je, ankara iliyofutwa inaacha alama? Umeunganishwa na eTIMS? Umeme ukikatika au intaneti ikipotea, dukani tunaendeleaje? Nikitaka kuondoka, nitapata data yangu yote, na kwa namna gani? Akisitasita kwenye la mwisho, ondoka.

Anza na madeni, maana ndiko fedha zilikokwama. Usiihamishe faili nzima ya miaka mitano. Mpigie au mtembelee kila mdaiwa, mkubaliane salio kwa maandishi, na tarakimu hiyo ndiyo iingie kwenye mfumo mpya. Kazi hii inachosha na inaleta mabishano, lakini mabishano ya leo ni mepesi kuliko ya mwaka kesho. Faili ya zamani itunze bila kuguswa, maana Sheria ya Taratibu za Ushuru inataka rekodi zihifadhiwe kwa miaka 5. Endesha njia zote mbili sambamba hadi miezi miwili mfululizo ikubaliane.

Na karani aliyeitengeneza ile faili asifukuzwe wala asidharauliwe. Mara nyingi ndiye peke yake anayejua kwa nini mwanakandarasi fulani hupunguziwa asilimia 3, kwa nini kuna safu isiyo na jina, kwa nini Desemba hupigwa tofauti. Keti naye, fomula kwa fomula, mwingine akiandika anayoyasema. Hayo yafanyike akiwa bado kazini, kabla hajapata ajira Nairobi na kuondoka nayo yote kichwani.